Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Lugha yetu hutumia neno moja, chombo, kwa jahazi lipasualo mawimbi na kwa ala ndogo ashikayo mtu mkononi. Wahenga waliposema ukiona vyaelea, vimeundwa, walikuwa wakiyatazama majahazi. Lakini methali hiyo yafaa vile vile kwa vyombo vya zama zetu. Wewe, msomaji, huenda unashika simu kila siku. Waiona ikisema, ikihesabu, ikikumbuka na ikikuonyesha njia. Imeundwaje? Ndani yake mna nini? Wengi hujibu kwa kucheka tu, kana kwamba swali hilo ni la wageni wa mbali, wala si letu.

Jawabu hilo silo. Pwani ya Malindi na Kilifi imejuana na vyombo vya hesabu kwa zaidi ya miaka 500, na katika historia yake mna funzo moja ambalo kila kijana anunuaye simu au akaaye mbele ya kompyuta angefaa kulijua: mtu aijuaye kazi ya chombo hashangazwi nacho, na asiyeshangazwa hadanganywi kwa urahisi.

Na tuanze mwezi wa Aprili mwaka 1498. Mreno Vasco da Gama alifika Malindi akitoka Mombasa, ambako hakupata makaribisho mema. Mfalme wa Malindi alimpokea, akampa rubani wa kumvusha bahari hadi Bara Hindi. Rubani huyo alikuwa nani? Vitabu vingi vilimtaja Ahmad ibn Majid, mwanabahari mashuhuri wa Ghuba. Lakini wanahistoria wengi wa siku hizi hawaikubali habari hiyo. João de Barros, mwandishi Mreno wa karne ya 16, amemwita mtu wa Gujarat, jina lake Malemo Caná. Hilo Malemo ni neno la Kiarabu mu'allim, ndilo lililotupatia sisi neno mwalimu. Kwa hiyo wageni wale waliongozwa na mwalimu.

Barros anasimulia jambo dogo lenye uzito mkubwa. Vasco da Gama alimwonyesha rubani astrolabu kubwa ya mti na nyingine za madini, ambazo Wareno walizitumia kupimia kimo cha jua. Yamkini alitarajia mtu wa pwani astaajabu. Rubani hakustaajabu hata kidogo. Alisema kwamba marubani wa Bahari ya Shamu wanazo ala za shaba za kupimia jua na nyota; na kwamba yeye na wenzake wa Bahari ya Hindi hutumia ala ya namna nyingine, yenye vibao vitatu; akaitoa, akawaonyesha. Tarehe 24 Aprili wakang'oa nanga. Jumapili iliyofuata wakaiona tena Nyota ya Kaskazini, ambayo Wareno hawakuwa wameiona kwa muda mrefu. Na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut.

Ala ile ya vibao ilifanyaje kazi? Ya namna hiyo, ijulikanayo kama kamal, ni kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo. Baharia huuma uzi kwa meno, akakinyosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Kila fundo ni kimo kimoja cha nyota, na kila kimo ni bandari moja. Baharia anaporudi kwao hutafuta fundo la bandari yake. Nyota ikikaa sawasawa juu ya kibao, ajua kwamba amefika katika mstari wa kwao, naye huufuata moja kwa moja hadi aione nchi kavu.

Tazama sasa, msomaji, kazi zilizomo katika kitu hicho kidogo. Kwanza, chapokea habari kutoka nje, nayo ni nuru ya nyota. Pili, chakumbuka, maana mafundo ni kumbukumbu iliyofungwa katika uzi. Tatu, mna kulinganisha na kuhesabu, kazi inayofanywa na akili ya baharia mwenyewe. Nne, mna jawabu litolewalo: pinda kushoto, au endelea mbele. Kupokea, kukumbuka, kuhesabu na kujibu: hizo ndizo kazi nne za kila kompyuta iliyopata kuundwa. Tofauti yetu na watu wa 1498 ni kwamba ile kazi ya tatu, iliyokuwa katika kichwa cha baharia, sasa tumeitia ndani ya chombo.

Imetiwaje? Kwa swichi. Swichi ya taa ina hali mbili tu, kuwaka na kuzimika. Tuseme kuwaka ni 1 na kuzimika ni 0. Ukiweka swichi tatu kwa safu, ya kwanza ikahesabiwa nne, ya pili mbili na ya tatu moja, basi 101 ni nne na moja, yaani tano. Na 110 ni nne na mbili, yaani sita. Kwa njia hii kila tarakimu, kila herufi na kila picha huweza kuandikwa kwa kuwaka na kuzimika. Mwaka 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, iligunduliwa transista, ambayo ni swichi isiyo na kitu cha kusogea ndani yake, inayowashwa na kuzimwa na umeme wenyewe. Mwezi wa Novemba 1971 kampuni ya Intel ilianza kuuza kipande kimoja cha silikoni chenye transista kama 2,300, kilichoweza kufanya hesabu zote za kompyuta ndogo. Vipande vya namna hiyo twaviita chipu. Chipu ya simu ya bei kubwa leo ina transista zaidi ya bilioni 10, nayo haizidi ukucha wa kidole gumba.

Katika miaka hiyo hiyo pwani yetu iliona kazi nyingine ya ajabu. Kaskazini ya mji wa Malindi iko Ngomeni, kando ya Ghuba ya Ungwana. Hapo baharini Waitalia, wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walisimamisha majukwaa ya chuma juu ya miguu mirefu. Moja likaitwa San Marco, la kurushia roketi, na jingine Santa Rita, la kuongozea kazi. Kwa nini wakaja mbali hivyo? Kwa sababu Ngomeni iko karibu sana na ikweta. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na katika ikweta mwendo wake ni karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi iondokayo hapo husaidiwa na mwendo huo. Tena upande wa mashariki pana bahari tupu, hivyo vipande vya roketi vikianguka havimdhuru mtu.

Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapo tarehe 26 Aprili 1967. Ile iliyopata sifa kubwa zaidi ilipaa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake. Ilikuwa ya Marekani, na kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowakaribisha ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Miali hiyo huzuiwa na hewa ya dunia isitufikie, kwa hiyo hapana budi chombo kipande juu ya hewa ndipo kiione.

Linganisha Uhuru na kibao cha rubani. Ilikuwa na ala za kupokea miali. Ilikuwa na ukanda wa sumaku wa kuwekea kumbukumbu. Ilikuwa na redio ya kuleta jawabu duniani. Na mabapa yake yalivuna nguvu za jua. Kazi ni zile zile. Kwa habari zake wataalamu waliandika orodha ya vyanzo 339 vya miali hiyo, na wakakichunguza kwa makini kitu kiitwacho Cygnus X-1, ambacho leo chatambuliwa kuwa shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka Ngomeni. Tangu hapo hapana iliyorushwa tena, ingawa kituo cha nchi kavu kimeendelea kuzifuatilia setilaiti zipitazo angani. Sasa lifikiri jambo hili. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Japani na chuo kile kile cha Broglio, ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Ya pili, Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya na kuendelezwa pamoja na kampuni ya Bulgaria, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka California. Nchi iliyotoa bahari yake kwa setilaiti za wengine ilikwenda ng'ambo kurushiwa ya kwake. Mahali pema pa kurushia ni neema ya Mungu; kuunda kitu cha kurusha ni kazi ya mwanadamu, nayo haiji kwa kukaa karibu na wanaoifanya. Huja kwa kujifunza.

Turudi sasa kwenye simu yako, maana humo mna rubani, mna Uhuru na mna soko zima. Inakuonyeshaje ulipo? Hupokea ishara za redio za setilaiti zisizopungua nne, kila moja ikitaja saa yake, ikapima muda ambao ishara zilitumia njiani. Ishara hizo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Hivyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, simu itakosea mita 300. Mvuvi wa Malindi aitazamaye simu yake usiku afanya kazi ile ile ya kibao na nyota, ila nyota zake zimeundwa na watu.

Itazame pia kadi ndogo ya simu, ile tuiitayo laini. Wengi hudhani ni kipande cha plastiki chenye namba tu. La! Ndani yake mna chipu yenye kumbukumbu yake na hesabu yake. Ni kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi wa Machi 2007, iliwafikia watu kupitia orodha iliyowekwa katika kadi hiyo, na kwa hiyo hata simu ya bei ndogo kabisa iliweza kutuma fedha. Aijuaye habari hii hampi mtu laini yake ovyo, wala hamtajii mtu namba yake ya siri.

Siku utakapokwenda dukani kununua simu au kompyuta, kumbuka zile kazi nne. Muuzaji atakutajia gigabaiti 64, akanyamaza. Muulize: hizo ni za kumbukumbu gani? Kumbukumbu ziko mbili. Moja ni kama meza ya fundi, ambapo huwekwa kazi inayofanywa sasa. Umeme ukikatika, meza hufutika. Nyingine ni kama kasha, ambamo vitu hukaa hata chombo kikizimwa. Kasha kubwa na meza ndogo hufanya chombo kizito, kwa kuwa fundi hana nafasi ya kufanyia kazi. Kisha uulize juu ya chipu, ambayo ndiye fundi mwenyewe, na juu ya betri, ambayo ndiyo chakula chake. Rangi ya ganda na uzuri wa sanduku uviulize mwisho.

Nasi watu wa pwani tuna adui wetu, naye ni chumvi. Upepo wa bahari huleta unyevu wenye chumvi, na chumvi hula shaba ya ndani ya chombo kidogo kidogo. Simu ikiangukia maji ya bahari, izime upesi, wala usiitie moto wa umeme ingali na maji. Umeme ukipita katika maji ya chumvi hufika pasipotakiwa. Na betri iliyokufa usiitupe motoni, maana moshi wake ni sumu na yaweza kulipuka.

Haya yote hayahitaji kipaji cha pekee. Rubani wa 1498 hakuzaliwa akijua nyota. Alifundishwa fundo baada ya fundo. Lakini kumbuka pia jambo lililofuata. Miaka saba baada ya safari ile, mwaka 1505, meli za Wareno zilirudi zikapora Kilwa na kuichoma Mombasa. Elimu ni nguvu, na mwenye nayo apaswa kupima anampa nani na kwa kazi gani. Nawe, mwanafunzi, kila ushikapo chombo kipya, kiulize maswali manne: chapokea nini, chakumbuka nini, chahesabu nini, na jawabu lake chamjibu nani? Hilo la nne ulishike sana, kwa kuwa vyombo vya leo humjibu mwenye kukishika, na mara nyingi humjibu pia yule aliyekiunda.