Dola Mbili Zilizohasimiana na Kimya cha Uzaramo

Miongoni mwa miswada mikongwe ya tenzi za Kiswahili umo ule wa Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, wenye tarehe inayolingana na mwaka 1728. Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Pate, akasimulia uhasama baina ya Waislamu wa zama za Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi. Katika utenzi huo dola ni mbili tu, na mpaka baina yao ni wa imani. Hata hivyo, mambo ya Pate yenyewe hayakunyooka hivyo. Wareno walikuwa wamefukuzwa Mombasa na Waomani mwaka 1698. Mwaka 1728 waliirudia Ngome ya Yesu, wakakaa humo hadi 1729, na waliowasaidia kurudi ni watawala wa Pate, Waislamu waliochoshwa na Waislamu wa Omani. Utenzi uliwagawa walimwengu pande mbili wakati ambapo siasa ilikuwa imezichanganya pande hizo.

Tofauti hii baina ya sanaa na siasa ndiyo inayofaa kuchunguzwa tena Mrima, zaidi ya karne moja na nusu baadaye. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliochapishwa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen, alirithi bahari ileile ya utenzi na desturi ileile ya kusimulia vita. Upande mmoja ni Sayyid wa Unguja na watu wake, upande wa pili ni Mdachi. Mashujaa ni watu wa miji ya pwani: Abushiri wa Pangani, Bwana Heri wa Saadani. Neno kutamalaki, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya kumiliki. Laonyesha kwamba ugomvi ulieleweka kuwa ni wa milki: Mrima ni wa nani?

Kwa watu wa Uzaramo, katika nchi ya Kibaha na Kisarawe ya leo, swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa mbali nao. Katika mapatano ya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walimwachia Sultani ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na bara iliyo nyuma yake, hadi kaskazini ya Kilimanjaro, ikahesabiwa kuwa eneo la Ujerumani. Ilipo miji ya Kibaha na Kisarawe ni nje ya maili hizo. Hivyo, kwenye karatasi, Mzaramo wa huko alikuwa wa Mdachi miaka miwili kabla ya Sultani Khalifa kuikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani mwezi Aprili 1888.

Mstari huo ulikata uhusiano ambao hakuna dola iliyouumba. Masimulizi ya Wazaramo na Washomvi husema kwamba Washomvi wa pwani, waliposumbuliwa na Wakamba, walimwendea Pazi Kilama wa bara, naye akawaokoa. Tangu hapo wakawa wakimtolea ada iliyojulikana kwa jina la kanda la Pazi. Katika masimulizi hayo pwani ndiyo inayotoa na bara ndiyo inayopokea. Hiyo ni picha ya utawala isiyomhitaji Sultani wala Kaizari, na hakuna utenzi mashuhuri uliojengwa juu yake.

Penye kimya cha tenzi, msamiati husema. Wareno walituachia neno bendera. Mwaka 1888 bendera ilikuwa kiini cha ugomvi wa miji ya Mrima: ipepee ya Sayyid peke yake, au ya kampuni pia? Vivyo hivyo gereza, litokanalo na neno la Kireno la kanisa, lilikuja kuwa na maana ya ngome, kisha kifungo. Wajerumani walileta shule na hela. Lakini walipotawala Uzaramo hawakuleta majina mapya ya watawala. Walitumia liwali, akida na jumbe, majina yaliyokuwa Mrima kabla yao. Kwa mkulima wa Kisarawe, basi, dola mpya ilifika ikiwa imevaa vyeo vya pwani. Washairi walizichora dola mbili zikihasimiana. Yeye alikutana nazo zikiwa zimeshikamana katika neno moja, akida.

Haina maana kwamba alinyamaza. Mwezi Januari 1889 misheni ya Wabenedikto ya Pugu, jirani na Kisarawe, ilivamiwa. Baadaye, mashamba ya pamba ya lazima yaliposimamiwa na maakida na majumbe, Uzaramo iliingia katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Kibasila wa Kisangire, ambaye jina lake limepewa shule ya sekondari Dar es Salaam, alinyongwa na Wajerumani. Alikuwa jumbe, naye alikataa kuwa chombo cha cheo hicho.

Kwa mintarafu hiyo, mwanafunzi wa fasihi anayetafuta taswira ya dola katika tenzi peke yake atapata macho ya mjini: ya mwanachuoni aliyejua kuandika kwa hati ya Kiarabu na aliyekuwa na upande. Haya ni macho yenye thamani kubwa, lakini si yote. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kuyakusanya masimulizi ya Maji Maji, na wakaonyesha kwamba mzee asiye na mswada ni shahidi. Kazi kama hiyo juu ya kanda la Pazi, juu ya majina ya mahali na ya vyeo, yafaa ifanywe Kibaha na Kisarawe, ambako Dar es Salaam inazidi kutanuka na wazee wanazidi kupungua. Mswada wa mwaka 1728 umehifadhiwa maktabani na waweza kungoja msomaji. Mzee wa Maneromango hawezi.