Kufuta Usumaku Baki: Historia ya Dhana na Jina Lake

Mfasiri wa maelezo ya mitambo ya muziki hukutana na agizo fupi: usumaku uondolewe katika kichwa cha sindano ya santuri na katika transfoma yake. Akiandika kwa haraka "ondoa sumaku", msomaji atakayetii huenda akaharibu chombo chake. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwa nini agizo hilo linahitaji istilahi iliyopimwa vema.

Kwamba sumaku huweza kupoteza nguvu zake si habari mpya. William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alieleza katika kitabu chake De Magnete cha mwaka 1600 kuwa sumaku ikitiwa katika moto mkali hupoteza uwezo wake wa kuvuta. Mwaka 1895 Pierre Curie wa Ufaransa alichapisha utafiti wake kuhusu jambo hilo; kwa chuma, kiwango cha joto kinachohusika ni kama 770 za sentigredi. Ni dhahiri kuwa dawa hiyo haiwezi kutumiwa kwa chombo chenye nyaya nyembamba na gundi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 James Alfred Ewing, Mskoti aliyekuwa akifundisha Tokyo, alichunguza jinsi chuma kinavyochelewa kuufuata mkondo wa umeme. Mkondo ukiongezeka, usumaku huongezeka. Mkondo ukikoma, usumaku haukomi wote, bali sehemu yake husalia. Tabia hiyo aliipa jina kutoka Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma. Masalio hayo ndiyo tunayoyaita hapa usumaku baki. Ili kuyaondoa, mkondo geu hupitishwa ukiwa na nguvu za kutosha, kisha hupunguzwa kidogo kidogo hadi sifuri. Ukikatwa ghafla, masalio mengine huachwa.

Jina linalotumiwa sasa katika Kiingereza lilizaliwa vitani. Tarehe 23 Novemba 1939, katika matope ya pwani ya Shoeburyness, Uingereza, John Ouvry na wenzake walilifungua bomu la Kijerumani la kutegwa baharini. Ikajulikana kuwa bomu hilo huamshwa na usumaku wa meli inayopita. Charles Goodeve, mwanakemia mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akitumikia jeshi la majini la Uingereza, aliunda neno kutokana na gausi, kipimo cha usumaku kilichopewa jina la Mjerumani Carl Friedrich Gauss (1777–1855). Maana yake ni kuondoa gausi.

Hata hivyo, hapa inafaa tuwe waangalifu. Koili zilizozungushwa katika meli hizo hazikuondoa usumaku wa chuma. Zilitoa uga uliopingana nao muda wote mkondo ulipokuwa ukipita. Njia nyingine ilikuwa kupitisha waya mnene wenye mkondo mkubwa ubavuni mwa meli ili kuibadili hali ya chuma chenyewe, na Waingereza waliiita kwa neno lao la kupangusa. Baada ya vita jina la Goodeve lilihamia kwenye vichwa vya mashine za kanda na kwenye televisheni za rangi za vioo vizito, kisha likaingia katika muziki wa nyumbani. Neno likabaki moja, vitendo vikawa viwili.

Tuurudie sasa mtambo wa santuri. Kuna vichwa vya sindano ambavyo sumaku ndogo ndiyo inayotikisika. Mfano ni M3D cha kampuni ya Shure ya Marekani, kilichotolewa mwaka 1958. Usumaku wa hapo ndio unaozaa sauti, na kuudhoofisha ni hasara. Kuna vingine ambavyo koili ndiyo hutikisika. Volteji yake ni ndogo mno, mara nyingi chini ya nusu ya milivolti, kwa hiyo hukuzwa kwa transfoma. Kiini cha transfoma hiyo huweza kupata usumaku baki hata kwa kupimwa ukinzani kwa mita inayopitisha mkondo wa betri. Na hapo sauti nzito huweza kupungua au kupotoka. Ama koili iliyozungushiwa kiini cha chuma, nacho kimo ndani ya uga wa sumaku ya kudumu, wako wanaohoji kama kufuta huko kunadumu.

Kutokana na hayo tunapendekeza ifuatavyo. Kwa meli, "kukabili usumaku" kunafaa zaidi. Kwa transfoma, "kufuta usumaku baki" kunafaa, kwa kuwa kitenzi kufuta kimekwisha kuzoeleka katika kanda za sauti. "Kuzimua" kuna mvuto wake, maana hueleza upunguzaji wa kidogo kidogo. Lakini kilichozimuliwa hakijaisha, nasi tunakusudia masalio yaishe. Neno "baki" lisiachwe kwa kisingizio cha ufupi, kwani ndilo linaloilinda sumaku ya kudumu.

Fundisho kwa wafasiri ni kwamba jina la kigeni huweza kuficha tofauti ambazo kitendo chenyewe huzidhihirisha. Kabla ya kulitafuta neno, hatuna budi kuuliza ni kitu gani kinachoondolewa, na ni kipi kinachopaswa kubaki.