Ugogo na Mzigo wa Vita Kuu, 1914–1918

Historia ya nyanda za kati haiwezi kueleweka bila kukumbuka jinsi wenyeji wake walivyobebeshwa mzigo wa vita visivyo vyao. Vita Kuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, reli ya kati, iliyokuwa imefika Dodoma mwaka 1910, iliufanya Ugogo kuwa njia ya askari na shehena. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, hivyo ililazimu jeshi la Wajerumani lilishwe na nchi yenyewe. Mtama na uwele vilitolewa maghalani, ng'ombe wakaswagwa kutoka mazizini, na vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi.

Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya upande wa Uingereza, yakiongozwa na Jenerali van Deventer, yalitokea Kondoa na kuiteka Dodoma. Bendera ilibadilika, madai hayakubadilika. Madaraja ya reli yalikuwa yamevunjwa, na mbung'o waliua farasi na nyumbu. Kwa hiyo mizigo ilirudi mabegani mwa watu. Wapagazi wengi walikufa kwa kuhara, homa na uchovu, mbali na makwao.

Ifahamike kwamba ukame haukuwa jambo geni Ugogo. Wazee walikuwa na kinga yao: mwaka wa neema mifugo iliongezeka, na mwaka wa njaa ilibadilishwa kwa nafaka ya majirani. Vita viliondoa kwa pamoja akiba, mifugo na mikono ya kulimia. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika jamii ya watu wapatao 150,000. Ugonjwa wa mafua wa mwaka 1918 ukaongeza misiba.

Miaka sitini baadaye, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, wananchi wa Tanzania walitoa tena chakula, mifugo na vijana, lakini safari hii kwa ajili ya taifa lao wenyewe.

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi waliokufa vitani. Mama na watoto waliokufa kwa Mtunya karibu na maghala matupu hawana sanamu. Inafaa basi, tunapohesabu baraka za miaka mia moja, tuwahesabu nao miongoni mwa waliolipa gharama ya vita hivyo.