Kobe wa Bristol na Magari ya Waya ya Merikit

Wengi wetu tukisikia neno roboti tunauona mkono wa chuma kiwandani. Picha hiyo ina tarehe yake. Mwaka 1961 mashine iitwayo Unimate ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, Marekani, ikishika vyuma vya moto ambavyo vingewaunguza wafanyakazi. Masimulizi mengi huanzia hapo. Insha hii inadai kwamba kwa mwanafunzi wa Merikit, wilayani Tororo, anayetaka kuunda roboti yake ya kwanza, mlango huo si wake. Akiupitia ataamini kwamba roboti ni kitu cha kununuliwa, tena na wenye viwanda. Aanzie 1948.

Neno lenyewe ni la zamani kidogo zaidi. Lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., iliyochapishwa 1920, nalo lilitokana na neno la Kicheki robota, yaani shokoa. Mwaka huohuo Uganda ilikuwa na shokoa yake iliyoitwa kasanvu, ambayo haikuhitaji mashine yoyote.

Kati ya 1948 na 1949, mjini Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda mashine mbili ndogo, Elmer na Elsie. Ziliitwa kobe kwa sababu ya gamba lao na mwendo wao wa polepole. Hazikuwa na kompyuta. Kila moja ilikuwa na magurudumu matatu, mota mbili, valvu mbili za redio, jicho la kuhisi mwanga, na gamba lililofunga saketi kila lilipogusa kitu. Baadhi ya giya zilitolewa katika saa na mita za gesi kuukuu.

Namna kobe alivyofanya kazi ndiyo sehemu tamu ya historia hii. Mota moja iliendesha gurudumu la mbele. Nyingine ililigeuzageuza pamoja na jicho, kama mtu anayechungulia gizani. Jicho likipata mwanga, kugeuka kulikoma na kobe akaufuata. Mwanga ukizidi ukali, alianza kugeuka tena akaukwepa. Akigonga mguu wa kiti, aliacha kuujali mwanga kwa muda, akasukuma na kujipinda mpaka akapita. Betri ikipungua, mwanga mkali aliokuwa akiukwepa ulianza kumvuta, naye akaingia kibandani palipokuwa na taa na umeme wa kuchajia. Valvu mbili tu, lakini mwendo wake haukuwa rahisi kuutabiri.

Sasa tumweke kobe huyo kando ya gari la waya ambalo watoto wa huku huliunda kwa waya, makopo na vifuniko vya chupa, wakilisukuma kwa usukani mrefu. Fremu ipo, ekseli ipo, usukani upo. Kinachokosekana ni kuhisi: shimo linaonwa na mtoto, wala si gari. Umbali kati ya vitu hivi viwili ni mdogo kuliko tunavyofundishwa. Mwalimu anaposubiri kompyuta ziletwe ndipo aguse somo la roboti, fundi wa waya wa darasa la tano hufika sekondari akiwa ameuacha ufundi wake kama mchezo wa kitoto.

Umbali huo unaweza kuvukwa kwa vifaa vya fundi redio. Mashine ya DVD iliyokufa ina mota ndogo ya kusukuma sinia, pamoja na giya zake. Zinahitajika mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, na gurudumu la mbele lizunguke huru. Mbele ziwekwe swichi mbili zenye vijiti kama sharubu za paka. Siri iko katika kupishanisha nyaya: swichi ya kushoto, ikiguswa, ikate umeme wa mota ya kulia. Gurudumu la kulia litasimama, la kushoto litaendelea, na gari litageukia kulia, mbali na ukuta. Ya kulia ifanye kinyume chake. Likigonga ukuta kwa sharubu zote mbili, litasimama tu. Hapo ndipo mwanafunzi ataelewa kwa nini kobe wa Bristol alihitaji kujipinda.

Wala si mara ya kwanza mpaka huu kupata kipya kwa kupanga upya vilivyopo. Boda boda ilianza Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli ya kawaida, mto juu ya keria, na wasafiri wenye mizigo waliohitaji kuvuka kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baiskeli ilitoka ng'ambo. Kazi hiyo ilibuniwa hapa.

Mwaka 2012 wazo hili lilipata jukwaa. Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi, Ghana, na Ken Goldberg wa Berkeley, Marekani, walianzisha mtandao wa roboti wa Afrika uitwao AFRON, wakatangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia ya dola 10. Miongoni mwa washindi alikuwa Thomas Tilley, aliyekuwa akiishi Thailand. Alitumia kidhibiti cha michezo ya video, mota zake za mtikisiko zikawa za kuendeshea, na pipi mbili za kijiti zikawa uzito wa kuhisi migongano. Gharama ilikuwa dola 8.96. Hata hivyo roboti hiyo ilihitaji kompyuta upande wa pili wa waya. Kobe hakuihitaji.