Ukiwa wa Aliyebaki

Itajwapo hamu ya kwao, fikra humwendea msafiri, yule aliye ugenini akiikumbuka bandari yake na jiko la mamaye. Katika visiwa vya Cabo Verde, magharibi ya Afrika, hamu hiyo ina jina lake, sodade, na historia yake yamwelekea mwingine kabisa: yule aliyebaki.

Visiwa hivyo ni 10, na mvua yake haina ahadi. Katika miaka ya 1940 ukame ulileta njaa zaidi ya mara moja, wakafa watu maelfu kwa maelfu, wala watawala wa Kireno hawakuwa na haraka ya kuwaokoa. Wengi walionusurika walitia dole katika mikataba, wakapakiwa melini kwenda kufanya kazi katika mashamba ya kakao ya São Tomé. Mkataba ulikuwa jina tu. Mwenye njaa hana la kuchagua.

Nyimbo za visiwa hivyo huitwa morna, za mwendo wa taratibu, kwa gitaa na fidla. Katika miaka ya 1950, kisiwani São Nicolau, Armando Zeferino Soares alitunga mmoja kuwaaga waliokuwa wakisafiri kwenda São Tomé. Yeye mwenyewe hakupanda meli. Wimbo huo, "Sodade", ukapita midomoni mwa watu na kuandikiwa wenyewe wengine, hata mahakama ilipomtambua Soares mwaka 2006. Mwaka uliofuata akafariki.

Ulimwengu uliujua mwaka 1992, katika albamu Miss Perfumado ya Cesária Évora, bibi wa Mindelo aliyeimba peku. Umaarufu ulimkuta amekwisha pita miaka 50, na kila ziara ilipomalizika alirejea Mindelo, alikofariki mwaka 2011. Sauti yake hailii. Yasimulia tu, kama mtu aliyesalia peke yake barazani baada ya wageni kuondoka, na hapo ndipo inapochoma.

Filamu nayo iliifikia hamu hii kwa njia ya barua. Pedro Costa, Mreno, alikwenda kisiwani Fogo kupiga filamu yake Casa de Lava, iliyotoka mwaka 1994. Alipoondoka, wenyeji walimpa barua, kahawa na tumbaku awapelekee jamaa zao Lisbon. Amana zile zikamfikisha Fontainhas, mtaa wa vibanda wa wahamiaji, naye akapiga filamu na watu wake kwa miaka mingi.

Mojawapo ya matunda yake ni Vitalina Varela, iliyopata Chui wa Dhahabu huko Locarno mwaka 2019. Vitalina mwenyewe ndiye anayeigiza maisha yake: mumewe alikwenda Ureno kutafuta kazi, naye akabaki kisiwani akingoja tiketi ya ndege kwa miaka ipatayo 25. Alipofika, mume alikuwa amekwisha zikwa siku tatu nyuma. Filamu ni ya giza na mwendo wake mzito. Asiye na subira atasinzia. Lakini mke yule, chini ya paa bovu la marehemu, hamlilii mumewe. Anamhoji. Anamkumbusha nyumba waliyoijenga pamoja Cabo Verde kabla hajaondoka, na filamu haifungi Lisbon: yarudi kisiwani, mke na mume wangali vijana, na nyumba yao ingali ikijengwa.