Maua ya Kusini katika Nchi ya Molo

Msafiri apandaye kutoka Nakuru, akipita Njoro na Elburgon, huiona nchi ikigeuka kidogo kidogo: joto hupungua, ukungu huzidi, na afikapo Molo yuko yapata mita 2,500 juu ya bahari. Mbele ya nyumba nyingi huko ataona vichwa vya maua ya buluu vilivyosimama juu ya mashina marefu, na penye maji ataona maua meupe yaliyokunjwa mfano wa faneli. La buluu ni agapanthasi, jeupe ni aramu. Asili ya yote mawili ni Afrika ya Kusini.

Reli ya Uganda ilipita Molo kwenda Kisumu, ilikofika mwaka wa 1901. Nyuma ya reli walikuja walowezi, na nchi hiyo ikatengwa iwe mali ya Wazungu peke yao. Baadhi ya walowezi wa Kenya walitoka Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1908 kundi kubwa la Makaburu lilishuka garimoshi Nakuru, likaendelea kwa magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu. Walowezi walipenda bustani, na mwaka wa 1934 chama chao cha bustani cha Kenya kilitoa kitabu cha mafunzo ya kazi hiyo, chini ya uhariri wa A. J. Jex-Blake. Lakini mikono iliyopalilia bustani hizo aghalabu ilikuwa ya Waafrika, ambao mpaka karibu na uhuru wa 1963 hawakuweza kumiliki ardhi ile waliyoimwagilia maji.

Maua ya namna hii husafiri vyema kwa sababu uhai wake umefichwa chini ya udongo. Wanafunzi wengi huita kila kitu cha chini “kitunguu”, nalo ni kosa. Kata kwa kisu uone. Ukikuta tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu cha jikoni, hicho ni kitunguu kweli. Ukikuta nyama moja isiyo na tabaka, kama nduma, nalo limevaa maganda makavu, ni tunguu la namna ya gladiola. Aramu na agapanthasi huwa na shina nene litambaalo chini, kama tangawizi. Kisha nawa mikono, wala usionje! Utomvu wa aramu huchoma kinywa. Na kile kitunguu kikubwa kiitwacho Boophone, chenye majani yaliyopangwa kama upepeo, Wasani wa kusini walikitumia kutengenezea sumu ya mishale. Kitunguu hicho huota porini hata Kenya, basi mfugaji na akijue.

Gladiola ndiyo yenye historia ya ajabu. Jina lake la Kilatini maana yake ni upanga mdogo, kwa umbo la majani yake. Katika karne ya 19 gladiola ya Natal, iitwayo leo Gladiolus dalenii, ilipelekwa Ulaya. Wakulima wa Ubelgiji waliichanganya na jamaa yake, na mwaka wa 1841 Van Houtte wa Ghent akaanza kuuza mbegu mpya yenye maua makubwa. Mwaka wa 1890 Baker, mtaalamu wa mimea wa Kew, alieleza gladiola ya manjano iliyotoka milima ya Usagara, katika Tanzania ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Francis Fox, mhandisi wa daraja la Maporomoko ya Victoria, akapeleka Uingereza matunguu ya ua kama hilo yaliyotoka penye manyunyu ya maporomoko. Petali yake ya juu imeinama kama kofia, ikikinga chavuo isilowe.

Gladiola hiyo ya Usagara sasa huhesabiwa kuwa ni aina ile ile ya Natal. Nayo huota yenyewe katika majani ya nyanda za juu za Kenya. Kwa hiyo ua lililoletwa Molo ndani ya masanduku kutoka Ulaya, likauzwa kwa bei, lilikuwa na ndugu yake porini.

Kwa nini hustawi hapa? Huko Rasi ya Tumaini Jema mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni kikavu. Maua ya huko hutatizika Molo. Lakini Natal mvua huja pamoja na joto, na mmea hulala wakati wa ukavu. Molo nayo ina majira ya mvua na ya ukavu, ila baridi ya usiku haikomi. Basi panda gladiola mvua za Aprili zianzapo, kina cha sentimita 10, mahali pasipotuama maji. Aramu iweke pale pale penye majimaji. Majani ya gladiola yakikauka, chimbua, anika kivulini, na ulivue tunguu la zamani lililonyauka: jipya limekaa juu yake, na pembeni utakuta vitoto vidogo kama punje za mahindi. Hivyo navyo vipande, ingawa havitatoa maua msimu wa kwanza.