Kweli ya Nafsi katika Tawasifu za Kiswahili

Mwenye kuyaandika maisha yake hukabiliwa na amri mbili zisizopatana kwa urahisi: aseme kweli, na ayasitiri yaliyo yake na ya jamaa zake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba waandishi wa Kiswahili hawakuikimbia kweli ya nafsi, bali waliipa pahala pake, napo ni katika ushairi.

Ama katika nathari, mfano mashuhuri wa awali ni maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903. Humo mna safari, vita, madeni na pembe za ndovu. Watu waliotekwa hutajwa na kupitwa, wala mwandishi haiulizi nafsi yake neno. Ni maisha yaliyohesabiwa, hayakupimwa.

Shaaban Robert (1909–1962) alishika njia nyingine. Katika Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, utoto haukupewa nafasi kubwa. Kilichotangulizwa ni ndoa, malezi na kifo cha mkewe, Amina. Nathari yake juu ya msiba huo ni ya mtu aliyejizuia. Kilio chenyewe kimo katika shairi la kumwaga marehemu. Wasia wake kwa wanawe nao aliutia katika Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa wasia hali yu mgonjwa. Utenzi huo husomwa zaidi kama mafunzo ya unyumba. Lakini ndani yake mjane anakumbuka alivyoishi na mumewe, na huzuni ya kufiwa naye.

Basi mtafiti aitafutaye kweli ya moyo katika nathari peke yake atatoka mikono mitupu, na huenda akadhani kwamba Waswahili hawana desturi ya kujikagua. Hata hivyo wasia una mpaka wake: hudhihirisha mapenzi ya mzazi kuliko makosa yake. Kwa sababu hiyo barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, za mwaka 1931 hadi 1958, zilizochapishwa mwaka 2002, zastahili kusomwa sambamba na Maisha Yangu, ili aliyoambiwa ndugu yapimwe na yaliyoambiwa umma.